Telefone ya baba

Ndugu msomaji, pengine nawe uko na baba ao mama aliyezeeka, anayekaa peke yake. Basi sikiliza habari yangu.

Baba yangu anakaa Likasi, kartye Panda. Alikuwa ajusteri katika atelie za mine. Mama alipokufa mwaka 2019, sisi watoto wa Lubumbashi tulikata shauri: auze nyumba, aje kwetu. Akajibu: «Ntakuya kwenu kufanya nini? Kuangalia kibambazi? Hapa niko na shamba, niko na bandugu ba kanisa.» Tulishindwa.

Ndipo mdogo wangu akamnunulia telefone ya intaneti. Mimi nilicheka, kwa sababu macho yake yamechoka na vidole vimekuwa vigumu. Lakini mjukuu alimkuzia maandishi, akamfundisha kutuma sauti pahali pa kuandika. Kwa juma mbili akazoea. Kila asubui alipima tansio, akanitumia hesabu: «Leo 138 kwa 84.» Feza ya dawa tuliituma kwa telefone, naye alikwenda kuinunua mwenyewe. Hakuwa mzigo wa mtu.

Lakini, ndugu, haikuwa mazuri tupu. Mwaka 2023 alipata habari katika grupu moja, eti ndimu na kitunguu saumu vinaponyesha tansio kabisa. Akaacha vidonge. Na kwa kuwa hakusikia maumivu, alizani amepona. Siku tano hakutuma hesabu. Mimi nikasema, «Ni mega zimeisha tu.» Siku ya sita jirani akaniita. Nikapanda gari, kilometre 120, nikamkuta na 190 kwa 110, kichwa kinazunguka.

Munganga alitueleza kwamba tansio inaweza kupanda bila mtu kusikia kitu, na vidonge haviachwi bila kumuuliza munganga. Shirika la Afya Duniani nalo linasema chumvi isifike gramu 5 kwa siku, ni kusema kijiko kimoja kidogo, na mzee anayeweza atembee dakika 150 hivi kwa juma.

Tulipofika nyumbani baba akaniambia: «Mwana, mimi nilikosea kuamini ile habari. Na weye, ulikosea wapi?» Nikanyamaza. Miezi ine sikumtembelea. Sauti yake ya asubui ilinitosha.

Basi, kijana unayesoma, usimnyanganye mzee telefone. Kaa karibu naye, umfundishe polepole, hata akiuliza mara kumi. Mwambie namba ya siri ya feza haipewi mtu, hata akijiita wa kampuni. Habari ya dawa aipeleke kwanza kwa munganga. Naye akinyamaza siku moja, usingoje ya pili.

Kisha ukamwone kwa macho. Mimi sasa ninakwenda Likasi kila mwezi. Tunatembea pamoja mpaka shambani, naye ananitangulia. Nyumba hajaiuza.