Herufi moja ndani ya paka wangu

Najua nimeadimika, na sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata bado mnanidai. Itasubiri. Leo ni habari ya paka.

Miaka mitatu iliyopita mwenzangu kazini alimaliza mkataba wake hapa Nairobi akarudi kwao Uholanzi, akaniachia paka jike wa mwaka mmoja, aina ya Abyssinian. Nimekulia nyumba ambayo paka ni wa kukamata panya na hulala jikoni. Huyu alikuja na karatasi ya ukoo inayotaja mababu zake, wengi kuliko ninaoweza kutaja wangu! Nikamwita Tangawizi kwa ajili ya rangi. Kila unywele una mistari ya hudhurungi na nyeusi, na kwa mbali anafanana na sungura wa porini.

Kutulia hajui. Anapanda friji, kutoka hapo kabati, kutoka hapo begani mwangu nikiwa kazini. Usiku mimi nikisaka hitilafu, yeye alisaka kishale cha kipanya kwenye skrini (ndiyo, paka na kipanya, nimeshacheka).

Jina la aina hii ni kama faili lenye jina lisilolingana na kilichomo. Abyssinia ni Uhabeshi, nikadhani ni jirani yetu. Mwaka 1868 jeshi la Waingereza kutoka Bombay lilitua Zula, kwenye Bahari ya Shamu, kupigana na Mfalme Tewodros. Kitabu cha Gordon Stables cha 1874 kinamtaja paka aitwaye Zula aliyeletwa Uingereza vita vilipokwisha. Lakini jumba la makumbusho la Leiden, huko huko Uholanzi, lina paka wa aina hii aliyekaushwa, lililempata miaka ya 1830, na kibandiko chake kinasema India. Watafiti wa jeni nao wanaelekeza pwani za Bahari ya Hindi. Jirani bado ni jirani, ila wa ng'ambo ya maji.

Halafu mwaka jana stima zikapotea. Badala ya kukimbia gizani, Tangawizi alikaa pale pale akilia hadi nikawasha simu. Wiki chache baadaye aliruka kwenda kabatini akalikosa kwa shubiri nzima. Nikahamisha kiti, akakigonga kwa uso.

Daktari wa mifugo alimmulika machoni. Mboni zilibaki wazi na nyuma yake pakang'aa kupita kiasi; retina ilikuwa inakonda. Tukampangusa ndani ya shavu kwa kijiti cha pamba, sampuli ikapelekwa maabara ya nje. Jibu: rdAc, nakala mbili, moja ya mama, moja ya baba. Dawa hakuna.

Nilisoma hadi alfajiri. Paka wa kwanza duniani kusomwa jenomu, mwaka 2007, alikuwa Abyssinian aitwaye Cinnamon, wa Chuo Kikuu cha Missouri, Marekani, naye alitoka katika ukoo wenye upofu huu huu. Mwaka huo huo kosa lilipatikana: katika jeni ya CEP290, T imekuwa G. Herufi moja kati ya zaidi ya bilioni 2! Tena iko kwenye sehemu ambayo seli hukata na kutupa. Kwa sababu yake mkasi unakata pasipofaa, herufi 4 za ziada zinabaki, na kila kinachofuata kinasogea. Aliyewahi kusoma faili kuanzia baiti isiyo sahihi anajua kinachotoka: takataka, kisha programu inasimama.

Mimi hulipwa kurekebisha makosa ya herufi moja. Hili siliwezi.

Kulikuwa na bwana mmoja mwenye dume aliyenibembeleza tuwazalishe, kila mtoto auzwe kwa bei ambayo ingelipa kodi yangu ya nyumba. Nikamwambia kila mtoto wa Tangawizi atabeba nakala moja mbovu, na dume akiwa nayo pia baadhi watapofuka, ampime kwanza. Akauliza, mnunuzi atajuaje? Nakiri nilifikiria siku mbili. Kodi ni kodi. Kisha nikampeleka Tangawizi akafungwe uzazi.

Sasa haoni karibu chochote, na bado anapanda: kiti, meza, friji, kabati, kwa kipimo kile kile. Kwa hiyo kwangu hakuna kinachohamishwa. Juzi Mama alinitembelea akasogeza meza ili afagie. Nikamwambia, "Mama, tafadhali, irudishe palipo na alama za chaki." Akaitazama sakafu, akanitazama mimi, akairudisha.