Ushahidi wa Pumzi

Alfajiri katika mtaa wa Satellite, magharibi mwa jiji la Nairobi, ina harufu yake. Kabla ya moshi wa matatu kuitawala Barabara ya Naivasha, hutangulia harufu kali kidogo ya uji uliochacha. Kando ya barabara hiyo, mama mmoja wa makamo ameuza uji kwa miaka mingi hata wateja wamelisahau jina alilopewa na wazazi wake. Wao humwita Mama Uji, naye huitika. Unga wa wimbi, mtama na mahindi huulowesha ndooni, akaufunika, akaungoja. Siku ya tatu kifuniko huanza kuinuka chenyewe kwa nguvu ya hewa iliyokusanyika chini yake. Hapo hujua kwamba wakati wa kupika umewadia.

Ajabu ni kwamba aliyeijua hewa hiyo kiasi hiki hakuitambua ilipohamia tumboni mwake. Kwa muda wa mwaka mzima tumbo lilimvimba kila baada ya mlo, likanguruma mbele za watu, hata leso ya kiunoni ikawa hufungwa na kulegezwa mara tatu kwa siku. Wateja wenye utani walimpongeza kwa ujauzito wa uzeeni. Alicheka nao. Majirani walisema ni vidonda vya tumbo, maana aghalabu mjini Nairobi kila tumbo liumalo huitwa vidonda. Alinunua dawa za kupunguza asidi. Alinunua pia tembe za metronidazoli kwenye duka la dawa, bila cheti cha daktari, akapata nafuu ya siku chache kisha akarudi palepale.

Daktari aliyemsikiliza bila kumkata kauli alishuku jambo jingine. Matumbo ya binadamu yana bakteria wengi mno, na makao yao makuu ni utumbo mpana. Wakiongezeka kupita kiasi katika utumbo mwembamba, hukiwahi chakula kabla mwili haujakifyonza, wakakichachusha hukohuko na kutoa gesi. Seli za binadamu hazitengenezi haidrojeni. Ikionekana katika pumzi, imetoka kwa viumbe hao, ikapenya ukuta wa utumbo, ikaingia damuni na kusafiri hadi mapafuni. Methani nayo hutolewa na viumbe wa ukoo mwingine, arkea, ambao si bakteria ingawa huishi pamoja nao. Ndiyo maana maradhi ya tumboni yanaweza kutafutwa katika pumzi. Kipimo chenyewe hakikosi wapinzani, kwani kinywaji cha sukari kikikimbilia utumbo mpana upesi, namba zaweza kupanda pasipo ugonjwa. Hata hivyo, ni nafuu kuliko kuingiziwa mrija tumboni.

Karatasi ya maagizo iliandikwa kwa Kiingereza. Usiku ule binti yake, mwanafunzi wa chuo, aliketi kitandani akaifasiri mstari kwa mstari. Alikwama kwenye neno moja lililohusu vyakula vilivyokatazwa, neno ambalo darasani alilisikia likitumiwa kwa pombe na mkate. Akajaribu "kuoza", akaliacha. Akajaribu "kuharibika".

"Vinafanya nini hivyo vyakula?" mama akauliza.

"Vikifika tumboni vinatoa hewa, mama. Vinakuwa na uchungu, vinafura."

"Si ni kuchacha, mwanangu? Unatafuta nini mbali?"

Wakaendelea. Sharti lililofuata ndilo lililowanyamazisha. Mgonjwa asiwe amemeza viuavijasumu vyovyote katika wiki 4 kabla ya kipimo. Mama Uji alikuwa amemeza metronidazoli siku tisa zilizopita, na miadi ilikuwa keshokutwa. Fedha zilikwisha kulipwa, nazo zilikuwa zimetoka kwenye zamu yake ya chama, zamu ambayo haingemrudia upesi.

"Tusiseme," binti akanong'ona. "Nani atajua?"

Kwa hakika hapana ambaye angejua. Hakuna daktari aendaye Satellite kuhesabu tembe zilizobaki droo ya mtu. Lakini dawa ile huwapunguza bakteria kwa muda bila kuwamaliza. Kipimo kingetoka safi, naye angerudishwa nyumbani na cheti cha uzima pamoja na tumbo lilelile.

"Nikimuuzia mtu uji wa juzi nikamwambia ni wa leo, atajua akionja," mama akasema. "Hiyo mashine nayo inaonja. Piga simu."

Miadi iliahirishwa hadi wiki 4 zitimie. Wiki hizo zilikuwa ndefu. Tembe ilikuwa marufuku hata tumbo lilipojaa usiku hata kulala ubavu kukawa kazi, na duka la dawa liko hatua chache tu kutoka mlangoni pake. Mara mbili alitoka akafika mlangoni pa duka. Mara zote mbili alinunua kiberiti, akarudi.

Siku ya kuamkia kipimo ilikuwa na karatasi yake. Aliruhusiwa wali mweupe, mayai, kuku au samaki wa kuchemsha kwa chumvi, maji, na chai ya rangi isiyo na sukari. Alikatazwa maharagwe, maziwa, ngano, matunda, mboga, hata kitunguu. Mkaaji wa Satellite akiondolewa githeri, chapati, sukuma wiki na chai ya maziwa hubakiwa na nini? Maharagwe yana sukari ambazo mwili wa binadamu hauna vimeng'enya vya kuzivunja, hivyo huwafikia bakteria zikiwa nzima. Alipika kikombe cha mchele wa Mwea, akachemsha kipande cha kuku bila kitunguu, akala kama mtu anayelipa deni.

Uji nao ulimtatiza. Tangu aanze biashara hiyo hajauza sufuria asiyoionja. Asubuhi ile mkono ulipanda na upawa hadi mdomoni, ukasita. Akamwita binti. Kwa mara ya kwanza uji wa Mama Uji ulipitishwa na ulimi wa mtu mwingine, na mteja mmoja akalalamika kwamba umezidi ukali.

Alasiri kulikuwa na mkutano wa chama, na mwenyeji alikuwa ameandaa githeri. Kukataa chakula cha mwenzio mbele ya wanachama kumi na wawili si jambo dogo. "Nimefunga," alisema, akiazima neno la kanisani. Kina mama wakatikisa vichwa kwa heshima, mmoja akamwomba amkumbuke katika sala. Hakuwasahihisha. Saa mbili usiku alikunywa maji, na kutoka hapo hakuonja kitu kwa saa 12.

Chumba cha kipimo kilikuwa kidogo, kina kiti, meza, na mashine yenye mrija. Muuguzi alimwambia avute pumzi, aizuie, kisha apulize polepole hadi aishiwe. Namba ikatokea: 4 kwa kila milioni.

"Umejitayarisha vizuri, mama," muuguzi akasema. "Wengine huja na 30 hata kabla ya kunywa dawa, tukajua walikula maharagwe jana yake. Tunawarudisha."

Mama Uji aliitazama ile 4 kwa muda. Kisha akanywa glukosi iliyoyeyushwa katika maji. Alionywa asilale wala asitembeetembee, kwa sababu usingizi na mazoezi huichezea pumzi. Kila baada ya dakika 20 alipuliza. Kufuatana na mwafaka wa wataalamu wa Amerika ya Kaskazini wa mwaka 2017, haidrojeni ikipanda kwa 20 au zaidi juu ya namba ya kwanza ndani ya dakika 90, kipimo huhesabiwa kuwa kimeonyesha maradhi. Namba ya pili ilikuwa 7. Ya tatu 19. Katika dakika ya 60 muuguzi aliisoma mara mbili kabla ya kuitaja: 41.

"Basi kifuniko kimeinuka," akasema Mama Uji, akajifunga leso upya, akangoja dakika nyingine 20.