Gia ya chini si ya kupandia tu

Leo tuzipumzishe kompyuta kidogo. Kuna wanaoniuliza kwa nini mtu anayeandika programu huonekana Jumamosi kwa mafundi wa Kondele, mikono imejaa grisi. Jibu ni pikapu. Familia yetu ina pikapu ya dizeli inayovuta kwa magurudumu manne, na ndiyo inayobeba mchele na mahindi yanayolipa karo nyumbani. Kuanzia mwezi ujao ndugu yangu mdogo ndiye atakayeiendesha. Leseni anayo. Alichokuwa hajaelezwa ni kazi ya ile stiki fupi iliyo kando ya gia kubwa, yenye maandishi H2, H4 na L4. Niliyomwambia nayaandika hapa, huenda na wewe una ndugu kama huyo.

H2 ni magurudumu ya nyuma peke yake. H4 ni yote manne kwa mwendo wa kawaida. L4 ni yote manne kwa mwendo wa chini. Magari mengine huandika 2H, 4H na 4L, maana ni ile ile. Kazi hiyo inafanywa na transfa, kisanduku kilicho nyuma ya giaboksi.

Sasa hesabu, maana hiyo ndiyo kazi yangu. Tuchukue namba za kukadiria. Gia ya kwanza hupunguza mizunguko ya injini mara 4 hivi. Difu hupunguza tena mara 4. Kwa hiyo injini huzunguka mara 16 ili gurudumu lizunguke mara moja. Ukiingiza L4, transfa inapunguza tena, na kwenye pikapu nyingi ni kama mara 2.5. Mara 16 kwa 2.5 ni 40. Injini ikinguruma yenyewe kwa mizunguko 800 kwa dakika, gurudumu linazunguka mara 20 tu. Kama mzingo wa tairi ni mita 2.2, unakwenda mita 44 kwa dakika, yaani chini ya kilomita 3 kwa saa. Mama mwenye ndoo kichwani anakupita. Bila L4, gia hiyo hiyo ya kwanza ingekupeleka zaidi ya kilomita 6.

Watu wengi husoma hesabu hii upande mmoja: nguvu ya kuvuta. Ni kweli, nguvu inaongezeka kwa kiasi hicho hicho. Lakini geuza hesabu. Gari likiteremka, gurudumu ndilo linalotaka kuizungusha injini, na kwa kila mzunguko wake mmoja inabidi liizungushe mara 40. Injini inakataa. Kukataa huko ndiko breki yako ya kwanza, nayo haichemki.

Breki za miguu huchemka. Ukizikanyaga mteremko mzima, joto hufika kwenye mafuta ya breki, yanatoa mvuke, na mvuke hubanwa kirahisi. Pedali inazama na gari halishiki. Jirani yetu mmoja aliteremka hivyo, mzigo umejaa, njia ya udongo, H2 na gia ya tatu. Kilichomsimamisha ni ukingo wa njia. Mchele ulimwagika, naye akavunjika mkono. Pikapu yake ilikuwa na L4 nzima kabisa. Alidhani ni ya kupandia.

Ukitoka Kondele kupitia Mamboleo kuelekea Kiboswa, lami inapanda vilima. Hapo H2 inatosha, na kuteremka tumia gia ndogo, ya pili au ya tatu kulingana na mzigo. Lakini ukiiacha lami na kuingia njia za udongo na mawe siku ya mvua, simamisha gari juu, kabla ya mteremko. Kanyaga klachi, ingiza L4, weka gia ya kwanza, kisha uachie klachi na usiiguse tena mpaka chini. Ukiikanyaga katikati, umeitenga injini na magurudumu na ile breki umeitupa.

Kupanda nako kuna hatari yake. Injini ikizima katikati ya mlima, usirudi nyuma kwa nyutro. Shika breki, ingiza rivasi ukiwa bado L4, washa, urudi polepole ukiwa umenyooka.

Upande wa tambarare za Kano, kuelekea Ahero, hakuna mlima ila kuna udongo mweusi unaonata. Pale shida ni kupoteza mwendo. Chagua gia kabla ya kuingia kwenye matope, mara nyingi L4 na gia ya pili, kisha uende nayo mpaka ng'ambo. Sisi waandishi wa programu tunaijua sheria hii: mipangilio hubadilishwa kabla ya kazi kuanza. Na kama pikapu yako ni ya zamani yenye habu za kufunga kwa mkono, zifunge kwanza. Usipozifunga, stiki itaingia H4 na magurudumu ya mbele hayatavuta.

La mwisho ni lami. Fundi wetu alinionyesha transfa iliyosagika meno, akasema: "Omera, matope yanasamehe, lami haisamehi." Sababu yake ni hii. Gari likikata kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwenye pikapu za namna hii H4 huyafunga ya mbele na ya nyuma yazunguke sawa. Kwenye matope tairi huteleza kidogo na tofauti inaisha. Kwenye lami kavu haliwezi kuteleza, kwa hiyo chuma ndicho kinachojikunja. Ukiona stiki imekataa kutoka H4, usiivute kwa hasira. Rudi nyuma mita chache ukiwa umenyooka, italegea.

Ndugu yangu ameshateremka mara 6 bila mzigo, mguu ukiwa sakafuni mbali na breki. Jumamosi ijayo tunapakia magunia matano tu, halafu tunateremka tena. Wewe pia anza na gari tupu, mchana, mahali pakavu. Wiki ijayo tunarudi kwenye hifadhidata.