Portsmouth: Pinde Zilizolala Chini ya Bahari

Mji wa Portsmouth uko katika pwani ya kusini ya Uingereza. Ni mji wa wanamaji tangu enzi za kale, na hata leo manowari za nchi hiyo hutia nanga katika bandari yake. Mgeni apitaye katika sehemu ya kale ya bandari huziona meli mashuhuri za vita, lakini ipo moja ambayo haitaelea tena. Imesalia sehemu ya ubavu wake tu, mbao nyeusi zilizohifadhiwa ndani ya jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 2013. Hiyo ndiyo Mary Rose, manowari ya Mfalme Henry wa Nane.

Tarehe 19 Julai, 1545, Mary Rose ilitoka kupambana na Wafaransa, ikazama karibu na pwani, watu wakiitazama. Ndani yake walikuwamo watu wapatao 500, na waliookoka hawakufika 40. Tope la bahari liliufunika ubavu mmoja wa meli na vyote vilivyokuwamo, na kwa sababu hiyo havikuoza. Mabaki hayo yaliinuliwa tarehe 11 Oktoba, 1982, baada ya miaka 437.

Katika vitu vilivyookolewa mna viatu, vyombo vya jikoni, zana za useremala na mizinga. Lakini kilichowastaajabisha wataalamu ni pinde: 137 zilizo kamili, pamoja na mishale zaidi ya 3,500. Kabla ya hapo pinde za vita za zama hizo zilizosalia zilikuwa chache mno. Baadhi ya hizi zilikutwa zingali zimepangwa ndani ya makasha yake. Nyingi zina urefu wa karibu meta 2, yaani humpita mtu mrefu, na kadhaa zina alama ndogo iliyogongwa ubavuni na fundi aliyezitengeneza.

MTI MMOJA, TABIA MBILI

Pinde hizo zilichongwa kutokana na mti ambao Waingereza huuita yuu. Ni mti usiopukutisha majani, hukua polepole sana, na majani na mbegu zake ni sumu. Huonekana sana katika viwanja vya makanisa ya kale. Fadhila yake imo katika mbao zake. Tabaka la nje, lililo jeupe, huvutika bila ya kukatika. Kiini chake, chenye rangi nyekundu ya kahawia, hustahimili kubanwa.

Upinde unapovutwa, upande unaomwelekea adui, uitwao mgongo, hunyooshwa. Na upande unaomwelekea mpiga mshale, uitwao tumbo, hubanwa. Kwa hiyo fundi huliweka tabaka jeupe mgongoni na kiini tumboni, na gogo moja humpa vyote viwili bila ya gundi.

HATUA KWA HATUA

Mafundi wa leo wanaotengeneza pinde kwa mfano wa zile za Mary Rose hufuata utaratibu ambao hauwezi kugeuzwa. Kwanza, gogo hupasuliwa kwa kabari ili lifuate nyuzi zake lenyewe. Msumeno hukata popote unapoelekezwa, hata kuzikata nyuzi hizo, na palipokatwa ndipo upinde utakapovunjikia. Kisha mti huachwa ukauke polepole kivulini, ncha zake zikiwa zimezibwa ili usipasuke. Kazi hiyo huchukua miezi mingi, pengine miaka.

Pili, hutengenezwa mgongo. Gamba huondolewa, na tabaka jeupe hupunguzwa kwa uangalifu mpaka libaki jembamba, likifuata mawimbi ya mti kama yalivyo. Penye kifundo, fundi hakisawazishi. Hukiacha kimeinuka kidogo, na mti wa kutosha pembeni mwake. Mgongo ukikwisha kutengenezwa, hauguswi tena kwa chombo chochote kikali. Tangu hapo kila kinachopunguzwa hutolewa tumboni na ubavuni.

Tatu, uzi hunyooshwa toka ncha hadi ncha ili kupata mstari wa katikati, na umbo la upinde huchorwa juu ya mti. Shoka hutangulia, kisha chombo cha kuparia, kisha randa. Unene hubaki katikati na kupungua taratibu kuelekea ncha zote mbili.

Nne ndiyo hatua ya kupima mpindo, na hapa ndipo fundi na mwanafunzi hutengana. Upinde husimamishwa sakafuni na kusukumwa kidogo tu, ili kuona mahali palipo pagumu. Baadaye hufungwa upote mrefu uliolegea, yaani kamba ya upinde, ukawekwa juu ya mti wa kupimia na kuvutwa vidole vichache. Sehemu isiyopinda hupunguzwa kidogo. Sehemu inayopinda kupita kiasi haiguswi, bali jirani zake ndizo hupunguzwa. Baada ya kila mparuzo upinde huvutwa tena mara nyingi, ili mti uzoee. Haulazimishwi kupinda zaidi kabla mpindo wa awali haujawa sawa pande zote mbili.

Mwishoni kabisa ncha huvishwa vipande vya pembe vyenye mkato wa kushika upote, na mti hulainishwa na kupakwa nta au mafuta. Mtu akianza na ulainishaji kabla ya mpindo kuwa sawa, amepamba kitu kitakachovunjika.

KIJANA NAYE HUPIMWA

Wataalamu wamekadiria kwamba kuuvuta upinde wa Mary Rose kulihitaji nguvu ya kuinua kilo 45 hadi zaidi ya 80. Hapana mtu awezaye kufanya hivyo kwa mafunzo ya majuma machache. Hugh Latimer, askofu wa zama hizo, alieleza katika mahubiri yake ya mwaka 1549 kwamba baba yake alimfundisha kulenga shabaha tangu utotoni, na kumnunulia pinde kwa kadiri ya umri na nguvu zake; alivyozidi kukua, ndivyo upinde ulivyozidi kuwa mkubwa. Mzazi huyo alimfanyia mwanawe kama fundi aufanyiavyo mti. Baadhi ya mifupa iliyopatikana ndani ya Mary Rose ina dalili katika mabega ambazo wataalamu huzihusisha na kazi hiyo ya kuvuta pinde nzito tangu ujana.

Lakini subira hiyo haikufika misituni. Yuu ya Uingereza haikutosha, na mwaka 1472 ilitolewa sheria ya kuwalazimisha wafanyabiashara wa ng'ambo kuleta vipande vinne vya miti ya pinde kwa kila tani ya bidhaa. Miti ikakatwa katika milima ya Austria na Bavaria kwa miaka mingi, wala mti ukuao polepole namna ile haukuweza kurudi kwa kasi ya shoka. Wakati huohuo bunduki zilienea, na mtu alifundishwa kuitumia kwa muda mfupi kuliko upinde. Mwaka 1595 serikali iliamua kwamba pinde zisihesabiwe tena kuwa silaha za askari wake wa mgambo.

Leo pinde za Mary Rose zimelazwa ndani ya vioo, katika mwanga hafifu. Jina la fundi halipo, ila alama yake. Mgeni akiinama na kutazama vizuri, huona mahali penye kifundo ambapo mti umeachwa na uvimbe mdogo. Ingekuwa rahisi kuukata na kuupendeza mti. Fundi alijua kwamba askari atakayeuvuta upinde ule atayaweka maisha yake juu ya uvimbe huo, akauacha.