Hoteli au Nyumba? Safari Yetu ya Kilosa na Tindiga



Kila msimu wa harusi ukikaribia tunaulizwa suali moja na mabibi harusi: fungate twende hoteli au tukodi nyumba tujipikie? Tumelijibu mara nyingi kwa mkato. Leo tutalijibu kwa kirefu, kwa sababu mwaka jana tulilijibu wenyewe kwa safari, na safari hiyo haikuwa ya fungate. Ilikuwa ya kumpeleka mama yetu akaone anakokwenda kuolewa mtoto wake wa mwisho.

Sisi tunaoandika hapa ni dada wawili. Mdogo wetu, kitinda mimba, aliposwa na kijana aliyekuwa akifanya kazi hapa Unguja, kijana wa dini na adabu zake. Mama alimpenda. Tatizo lilikuja pale kijana alipohamishiwa Kilosa, mkoa wa Morogoro, karibu na kwao. Kwao ni Tindiga, kata moja ya wilaya hiyo. Wanaojua Kiswahili cha wazee wanajua tindiga ni nini: ni kinamasi, ardhi ya majimaji. Mama alipolisikia jina tu akanyamaza. Posa aliikubali kwa mdomo, lakini usiku tukimsikia anageuka kitandani. Alisema neno moja tu: "Siku nikifa, huyu atafika nimeshazikwa."

Tukaona dawa ni kumpeleka. Akakubali kwa sharti: hoteli hataki.

Na alikuwa na haki. Miaka miwili kabla tulimpeleka bara kwa matibabu, tukamweka hoteli moja nzuri tu kwa sura. Meza ya jirani kulikuwa na chupa za bia. Nyama tuliuliza imechinjwa na nani, mhudumu akacheka, akasema "nyama ni nyama". Mama alikula mayai ya kuchemsha na mkate siku tatu. Mama ana sukari, anachoma sindano, na chakula chake kina saa zake. Hotelini chakula cha jioni kilianza saa mbili usiku. Ile safari tulirudi naye akiwa mgonjwa kuliko tulivyokwenda.

Kwa hiyo tukatafuta nyumba. Rafiki yetu mwalimu alitupatia nyumba ya vyumba vitatu Kilosa mjini, ina ua wenye ukuta, jiko la gesi, friji na geti linalofungwa kwa ndani. Vyumba vitatu vya hoteli vingetugharimu karibu mara mbili ya nyumba ile nzima. Lakini tusidanganyane, fedha haikuwa sababu kubwa. Tulitaka pahala mama atavua baibui na kukaa kwa kanga yake mchana kutwa.

Tukaondoka Alkhamisi asubuhi kwa boti. Dar tukapanda treni ya SGR, ile iliyoanza safari zake mwaka 2024, kwanza hadi Morogoro, kisha hadi Dodoma. Treni inakwenda mpaka kilomita 160 kwa saa. Mama alishika tasbihi mpaka Morogoro. Baada ya hapo akaanza kuitazama milima, na tulipoteremka Kilosa alisema: "Kumbe si mbali hivyo." Tukatazamana, hatukusema kitu.

Sasa ya nyumba. Kitu cha kwanza mama alichokifanya, kabla hata ya kukaa, ni kufungua makabati. Kila sufuria, kila kijiko, vikaoshwa upya. Sisi tulikuwa tumechukua sufuria mbili za kwetu, kisu, mbuzi ya nazi, nazi sita, na vichupa vya viungo. Tulichekwa bandarini, lakini usiku ule tulikula wali wa nazi na mchuzi wa kuku aliyechinjwa na imamu wa msikiti wa jirani, saa moja na nusu, sindano ya mama ikiwa imeshachomwa kwa wakati. Kibla hakikutusumbua: Kilosa, kama Unguja, Makka iko kaskazini. Na kwa kuwa tulinuia siku tatu kamili, ukiacha ya kufika na ya kuondoka, tulibaki wasafiri tukipunguza sala zetu, kama tulivyosomeshwa kwenye madhehebu yetu ya Shafi.

Asubuhi sokoni kulikuwa na kichekesho. Mama aliomba tungule. Muuzaji akamtazama kama anayeombwa dawa. Mama akazinyooshea kidole, kijana akasema, "Aa, nyanya!" Mbatata nazo zikawa viazi. Mdogo wetu alicheka mpaka akakaa chini, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu posa kumsikia akicheka mbele ya mama.

Ijumaa, baada ya sala, wakaja wakwe kutoka Tindiga. Mama mkwe, mashangazi wawili, na kijana mmoja wa kubeba mizigo. Walileta mchele mpya, maana Juni ni wakati wa mavuno ya mpunga, kuku wawili walio hai, na ndoo ya kambale.

Wapenzi, hapa ndipo tulipoielewa tofauti ya hoteli na nyumba. Hotelini wakwe wangekaa mapokezi kwenye makochi, wangepewa soda, wangeulizwa habari za safari, kisha wangeaga. Kambale angekwenda wapi? Mle ndani mama mkwe alivua viatu, akakaribishwa mkekani, akanywa maji, halafu akauliza: "Jikoni ni wapi?"

Wakaingia wawili, mama yetu na yeye. Sisi tukabaki uani na mashangazi, masikio yakiwa jikoni.

Mama hajawahi kutengeneza kambale. Sisi watu wa bahari tunajua changu, jodari, pweza. Kambale hana magamba na anateleza kama sabuni. Mama mkwe akaomba jivu, akawapaka samaki wale, akawasugua na kuwaosha mpaka utelezi ukaisha. Kisha ukaja mzozo. Mama alitaka kumtia nazi. Mwenzake akasema kwao anapikwa kwa nyanya na kitunguu, mchuzi mwepesi. Kimya kikapita. Tukadhani ndiyo basi, harusi imevunjika kwa sababu ya kambale. Mwisho wakapika sufuria mbili.

Ni wakati sufuria ziko motoni ndipo mama alipouliza alichokuja kukiuliza. Alisema: "Dada yangu, mimi nina hofu. Huyu hajawahi kulala mbali na mimi. Akiugua, akipata mimba, na huku kwenu mimi simjui mtu, itakuwaje?"

Tulitegemea majibu ya adabu, yale ya "usijali, ni mwanetu pia". Mama mkwe hakujibu hivyo. Alisema masika Tindiga ni pabaya. Maji yanajaa, njia zinakatika, na mtu aliyejifunga kanga ya leba anaweza kushindwa kufika Kilosa hospitali. Akamkumbusha mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, Mto Mkondoa ulipofurika, reli ikang'olewa na maelfu ya watu wakaachwa bila nyumba. Akasema: "Sitakuficha. Wao wataishi mjini, lakini hata mji maji yanaufika. Kwa hiyo akipata mimba, mimi mwenyewe nitampandisha treni aje kwako kabla ya masika. Mtoto wa kwanza azaliwe kwa mama yake. Na mimi nilifanyiwa hivyo."

Mama hakujibu. Tulisikia mwiko tu unakoroga. Halafu akasema, "Niongezee chumvi hapo, mimi mkono wangu umelowa." Kwa wanaomjua mama yetu, hayo ni maneno makubwa.

Tunaliwaza sana jambo lile. Suali kama lile haliulizwi mbele ya mhudumu anayepita na sinia, wala jibu kama lile halitoki kwa mtu aliyekaa ukingoni mwa kiti cha watu. Lilihitaji jiko, na wanawake wawili walioshughulika na mikono yao bila kutazamana usoni.

Jumamosi tukaenda Tindiga. Wazee wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ilikuwa kweli siku ya tatu, na mama alipewa, si jembe bali mundu, akakata mashuke machache ya mpunga huku wanawake wa kule wakimpigia vigelegele. Tulioneshwa msikiti, tukaoneshwa kisima, na mama akataka kuoneshwa njia inayokatika masika. Alisimama hapo kwa muda. Alipendelea, tunadhani, kuiona hofu yake kwa macho kuliko kuikisia usiku.

Jumapili tulijipa mapumziko, tukaenda Hifadhi ya Mikumi. Ni hifadhi ya tangu 1964, ina kilomita za mraba 3,230, na barabara kuu ya kwenda Iringa na Mbeya inaikata katikati. Tulibeba chakula chetu kwenye hotpoti. Tukaona twiga, pundamilia, nyati, na tembo mmoja aliyesimama karibu na njia kama mwenye geti lake. Mama, ambaye hotelini alikula mayai siku tatu, alikula wali na kambale wa jana pahala palipotengwa kwa kuteremka, akasema wa nyanya ndiye mtamu zaidi. Akatuapiza tusimwambie mkwe wake. Tunawaambia nyinyi.

Sasa, tusije tukaonekana tunaisifia nyumba kama inayouzwa. Umeme ulikatika usiku mmoja mzima, na insulini ya mama tuliiokoa kwa barafu ya duka la jirani. Gesi ilituishia wali ukiwa haujakauka, tukamalizia kwa mkaa. Hakuna wa kukutandikia kitanda wala kukuoshea sahani. Kama umechoka na unachotaka ni kulala na kuamka chai ikiwa tayari, nenda hoteli, hakuna dhambi, ilimradi umeuliza chakula chake na faragha yake.

Ukichagua nyumba, uliza kabla hujatoa fedha. Mtungi wa gesi umejaa, na wa akiba upo? Maji ni ya bomba au ya tangi, na tangi likiisha anajaza nani? Friji inafanya kazi au ni pambo? Mwenye nyumba anaishi humo humo ndani? Ua unaonekana kutoka ghorofa ya jirani? Komeo la ndani lipo? Ya mwisho ni muhimu khasa kwa wanawake wanaosafiri bila wanaume. Na sisi, kwa kweli, tulikuwa na kaka yetu, alilala chumba cha mbele. Chukua sufuria zako mbili na kisu. Vyombo vya nyumba za kupanga hujui vilipikiwa nini.

Na kwa bibi harusi neno la peke yake. Fungate si mtihani wa jikoni. Tumeshaona dada zetu wamekodi nyumba nzuri, kisha siku saba bwana yuko kitandani na simu, bibi yuko jikoni na moshi. Kubalianeni kabla: asubuhi nani, jioni nani, na siku gani chakula kinanunuliwa. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikuwa akiwatumikia watu wa nyumbani kwake. Bwana anayetaka kufuata sunna aanze na hiyo. Nyumba ya siku saba inakuonesha mengi: nani anaosha kikombe chake, nani anakasirika gesi ikiisha, nani anacheka.

Ndoa ilifungwa Agosti, alhamdulillah. Mdogo wetu akahamia Kilosa. Kulia alilia, na mama alilia zaidi. Mwezi wa pili mwaka huu, mvua hazijaanza, simu ikaingia kutoka stesheni ya Kilosa. Alikuwa mama mkwe. Alisema ameshampandisha, kiti kiko dirishani, na mkobani kuna kambale mkavu.

Mama alikwenda kumpokea bandarini mwenyewe, kwa sukari yake na miguu yake inayouma. Mdogo wetu yuko ndani sasa, tumbo limeshamtangulia, tunasubiri siku kwa kudra ya Mwenyezi Mungu. Jana tulimkuta mama anamuuliza kama ile nyumba ya Kilosa huwa wazi Juni. Anataka kumrudisha mwenyewe pamoja na mjukuu, na anasema safari hii atachukua nazi kumi.

Tuombeeni dua. Wassalaam.