Goma: kinini ni jina moja, lakini dawa ni nyingi

Katika mitaa ya Goma, kuanzia Birere hadi Katindo, kila kidonge kinaitwa kinini, kiwe cha malaria, cha maumivu au cha usingizi. Jina hilo limetoka kwa kwinini, dawa ya malaria inayotolewa katika ganda la mti wa kinkina, mti uliopandwa sana huku Kivu. Wakaaji wengi wananunua kinini kwa hesabu, mbili au tatu, zimefungwa katika karatasi, bila boksi wala maandishi.

Mwalimu mmoja wa kemia wa mtaa wa Himbi ameileta desturi hiyo darasani kwa sababu ya mambo yaliyotokea Ituri. Kuanzia mwisho wa 2014 hadi katikati ya 2015, watu zaidi ya elfu moja kule walikakamaa uso, shingo na ulimi. Mwanzoni ilishukiwa homa ya uti wa mgongo. Baadaye maabara ilionyesha kwamba vidonge vya manjano vilivyouzwa kama diazepamu havikuwa na diazepamu. Vilikuwa na haloperidoli, dawa ya wagonjwa wa akili.

Basi kitu kisichojulikana kinatambuliwaje? Mwalimu anajibu: kwanza kisafishe. Kidonge hakina dawa peke yake, kina pia wanga na sukari ya kukishikilia. Katika labo, kidonge husagwa, dawa huyeyushwa katika kimiminika ambacho wanga na sukari haviyeyuki, kisha huchujwa na kuachwa igande tena kuwa fuwele. Ndipo fuwele hupashwa moto polepole. Diazepamu safi huyeyuka karibu na nyuzi 132, na haloperidoli karibu na 150. Macho hayaoni tofauti, lakini kipimajoto kinaiona.

Darasani hawagusi dawa hizo. Wanatumia naftalini za kuwekwa kwenye nguo, na madirisha yanakuwa wazi. Sokoni zote ni naftalini, nyeupe, zenye harufu kali. Lakini kuna aina mbili. Naftalini yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 80, nyingine, paradiklorobenzeni, kwenye 53. Wanafunzi wanatia kila moja katika mrija wake, wanaiweka katika maji ya nyuzi 65, na moja tu inakuwa maji. Wakizisaga pamoja, mchanganyiko unaanza kuyeyuka hata kabla ya 53. Hiyo ndiyo sababu ya kusafisha kwanza: uchafu unashusha kipimo na kumdanganya mpimaji. Na ndiyo njia ya kuhakikisha: changanya kitu chako na kile unachokidhani. Kipimo kisiposhuka, ni kitu kimoja.

Kuchemka nako ni alama, ila Goma ina jambo lake. Mji uko mita 1,500 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na maji yanachemka karibu na nyuzi 95, si 100 kama kitabu kinavyosema. Mwanafunzi asiyejua hilo anaweza kusema maji si maji. Kiwango cha kuyeyuka hakisumbuliwi na mwinuko wa namna hiyo.

Mama mmoja, mzazi wa mwanafunzi, alisikia habari za somo hilo akamuuliza:

"Sasa mwalimu, nipime kinini jikoni?"

"Hapana, mama. Hata mimi kwa labo hii siwezi. Wenye kazi hiyo wana mashine. Lakini muuzaji akikupa kinini, omba uone boksi: jina la dawa, namba ya toleo, tarehe ya kuisha. Na ukiimeza, mwili ukaanza kukakamaa, peleka mgonjwa hospitali pamoja na kinini zilizobaki. Usizitupe."

Wa Ituri walipata jibu pale vidonge vyenyewe vilipochunguzwa. Kinini iliyobaki katika karatasi ni ushahidi, na mwenye kuitunza anampa mganga pa kuanzia.