Baba Aliyegeuka Herufi: Jina la Mazrui katika Sentensi ya Kiingereza

Wahenga walinena kwamba jina jema hung'ara gizani. Hawakusema, hata hivyo, jina hilo hupungukiwa na nini linapovushwa kutoka lugha moja hadi nyingine. Jina la Mazrui, ambalo ni nadra kwingi duniani lakini ni la kila siku katika Mji wa Kale wa Mombasa, ni mfano unaofaa kuchunguzwa.

Ukoo wa Mazrui una asili ya Omani, nao uliitawala Mombasa tangu karne ya 18 hadi mwaka 1837, Seyyid Said bin Sultan alipouangusha. Jina lenyewe limetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kupanda mbegu, na ndani yake imo herufi ya ain. Kiingereza hakina sauti hiyo, kwa hivyo aghalabu huiacha. Wingi nao hutofautiana. Waarabu husema Mazari, Waswahili husema Wamazrui, ilhali Waingereza huongeza herufi moja tu mwishoni wakapata Mazruis, kana kwamba wanaitaja familia ya jirani yao wa London. Hali kadhalika, Kiingereza huligeuza jina kuwa kivumishi. Historia ya ukoo aliyoiandika Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui kwa Kiarabu ilichapishwa kwa Kiingereza mwaka 1995, na katika anwani yake Mazrui ni sifa ya nasaba ya watawala.

Mabadiliko hayo ni ya sauti na sarufi, nayo hayana madhara makubwa. Lililo zito zaidi ni jina la mtu mmoja mmoja. Kwa desturi ya Mombasa, mtu hutambulishwa kwa jina lake, kisha la baba, kisha la babu, na ukoo hufuata nyuma. Anayeulizwa, 'Wewe mwana wa nani?' hataji ukoo kwanza, humtaja baba. Sentensi ya kitaaluma ya Kiingereza huanzia mkiani. Huushika ukoo, ikauacha mlolongo wa wazazi.

Profesa Ali Mazrui, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1933, alikuwa Ali bin Al-Amin bin Ali. Baba yake ndiye huyo Sheikh Al-Amin, mwanazuoni aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya hadi alipofariki mwaka 1947, na ambaye katika miaka ya 1930 alitoa magazeti ya Sahifa na Al-Islah ili kuwazindua Waislamu wa pwani. Katika majalada ya vitabu vya Kiingereza, mwana huandikwa Ali A. Mazrui. Sheikh mzima, pamoja na elimu na magazeti yake, amebaki herufi moja na nukta.

Wanafunzi wa Kiswahili wanahusika moja kwa moja. Alamin Mazrui, mwandishi wa tamthilia ya Kilio cha Haki (1981) na diwani ya Chembe cha Moyo (1988), ni wa ukoo huohuo. Yeye na Ali waliandika pamoja The Power of Babel (1998), na kila anayekinukuu kitabu hicho hulazimika kuandika Mazrui na Mazrui. Aidha, mwanafunzi anapoandika katika tasnifu yake kwamba 'Mazrui anadai', msomaji hajui kama anayedai ni mwanasiasa-jamii, mtunzi wa tamthilia au kadhi. Kosa hapo si la Kiingereza tena, kwani sentensi ni ya Kiswahili. Iliyoazimwa ni desturi.

Ni kweli kwamba maktaba haziwezi kupangwa bila jina la mwisho, na Ali mwenyewe hakukichukia Kiingereza. Mwaka 1975 alitoa kitabu kizima kuhusu nafasi ya lugha hiyo katika siasa na jamii ya Afrika, na jina la ukoo wake limezaa hata neno Mazruiana, la kutajia maandishi yake na yanayomhusu. Hata hivyo, kinacholifaa jedwali la marejeleo si lazima kitawale matini yote. Mwandishi wa Kiswahili anaweza kulitaja jina kamili mara ya kwanza, kisha akasema Ali Mazrui, Alamin Mazrui au Sheikh Al-Amin. Gharama yake ni neno moja zaidi.

Ali alifariki Marekani mwezi Oktoba 2014, akarejeshwa Mombasa na kuzikwa katika makaburi ya ukoo wake, karibu na Fort Jesus. Kati ya makaburi hayo yote ya Wamazrui, jina la Mazrui peke yake halimtambulishi yeyote. Anayetaka kumzuru mmoja wao hana budi kujua alikuwa mwana wa nani.